Bolti Tano za Gurudumu la Kushoto

Juni 2

Daftari hili kanipa Bosi niandike matrela ninayoosha: tarehe, namba ya trela, alama ya vema. Kurasa za mbele ni zake. Mimi nimeligeuza, na huku nyuma ni kwangu.

Miaka kumi na moja nimeshika spana katika yadi hii ya boti. Leo nimeshikishwa mpira wa maji. Wateja wananipita wanasema "pole na kazi", na mimi najibu "asante" huku meno yameumana.

Niandike yaliyotokea, nisije nikazeeka nikaanza kuamini maneno ya watu. Mwezi uliopita nilifunga bolti mpya kumi kwenye trela la Daktari, tano kila gurudumu. Nyuzi nilizipaka grisi, nyuzi peke yake, si shingo ya bolti inayokaa kwenye rimu, maana ukipaka pale inalegea yenyewe. Nilikaza kwa msalaba, moja juu, moja chini, mpaka spana ikagoma. Halafu kila kichwa nikakigonga nukta tatu kwa tindo, kama ninavyofanya siku zote. Ndiyo sahihi yangu. Bawabu wetu, mzee wa utani, ndiye aliyenibatiza Nukta Tatu kwa sababu ya hizo nukta.

Kesho yake Daktari akaja kuchukua trela lake. Kwenye mteremko gurudumu la kushoto likachomoka, likabiringika hadi getini, likamvunja Bawabu mguu. Bolti zilizookotwa barabarani zilikuwa kuukuu, nyuzi zimeliwa na kutu kama mahindi yaliyobunguliwa. Gurudumu la kulia lilikuwa na bolti zangu tano, mpya, na nukta zake. Zile tano nyingine hazikuonekana.

Hapo ndipo Shemeji akajitokeza. Ni mume wa dada yangu, na ni fundi mwenzangu. Akasimama mbele ya Bosi, kofia mkononi, akasema, "Kapewa kumi, kafunga tano, tano kaziuza. Inaniuma kusema, ni shemeji yangu."

Inamuuma! Kwa kuumwa kwake kapewa cheo cha Mkuu wa Karakana. Nilikuwa nipewe mimi msimu huu.

Nitalipiza. Sijui vipi, lakini nitalipiza.

Juni 5

Matrela saba. Mikono yote chumvi.

Juni 8, Jumatatu

Nimejua vipi.

Kila Jumapili Shemeji huenda baharini na boti yake. Analirudisha trela nyuma mpaka magurudumu yanazama kwenye maji ya chumvi, na Jumatatu analiacha hapa likiwa bichi bado, nilioshe mimi. Kuosha trela si kumwaga maji tu kama wanavyodhani. Lazima utoe kofia ya gurudumu, upitishe maji baridi katikati ya bolti moja moja, ukaushe, upige brashi, upake grisi. Ukiacha chumvi pale, haikungoji. Wiki moja bolti inapauka, mwezi inaota kutu, miezi mitatu huitoi bila kuikata. Au inatoka yenyewe barabarani.

Trela la Shemeji lina kofia za plastiki zinazong'aa, anazipenda kuliko watoto wake. Zimefunika kila kitu.

Nimeosha boti. Nimeosha fremu mpaka Bosi mwenyewe kasema, "Ee, hili limependeza." Kofia nimezipangusa kwa juu. Sikuzitoa.

Kule mbele nimeweka vema.

Juni 11

Mkuu mpya katoa amri: marufuku kuazimana bolti. Hapa yadini ni mazoea ya tangu zamani. Ukikwama unachomoa bolti kwenye trela lililoegeshwa, unafunga kitambaa chekundu kwenye ndoano yake ili asiyejua asije akalivuta, na ukipata mpya unarudisha. Bosi aliyapiga marufuku miaka na miaka, tukawa tunafanya kwa siri. Sasa Shemeji ndiye anayakazia macho kuliko Bosi. Eti usalama! Cheo kina mambo.

Juni 15, Jumatatu

La Shemeji. Magurudumu sikuyaosha.

Juni 16

Bawabu karudi kazini, mguu kwenye plasta, mkongojo kwapani. Nilimsogelea nikamwambia, "Shikamoo mzee, pole sana." Akaitazama geti kana kwamba imemwita. Nikarudia shikamoo. Akasema, "Pita, kuna gari nyuma yako."

Hapakuwa na gari.

Mtu huyu tulitaniana miaka kumi na moja. Akiniona natoka na mfuko lazima aulize nimeiba boti ya nani. Leo anaamini ni kweli niliiba, na kwamba niliuza mguu wake kwa bolti tano. Nimekwenda nyuma ya tangi la maji nikalia mpaka nikachoka. Halafu nikanawa uso kwa ule ule mpira.

Juni 22, Jumatatu

Sikuyaosha. Chini ya kofia ya gurudumu la kushoto kumetoka chozi jekundu, dogo, kama ukucha. Nimelitazama kwa furaha.

Juni 24

Mvua. Hakuna kazi.

Juni 29, Jumatatu

Sikuyaosha.

Juni 30

Dada kaja nyumbani na chakula cha kutosha jeshi. Akishafungua vyombo hivyo, ujue kuna hotuba nyuma yake.

"Mdogo wangu, kula kwanza."

"Nimeshiba. Sema."

"Nenda kwa Bosi umwombe radhi. Sema ulipitiwa. Mume wangu ameshasema atakutetea."

"Atanitetea kwa nini, dada?"

"Kwa zile bolti. Kila mtu hupitiwa. Mimi sikuhukumu."

Hanihukumu! Huyu ndiye aliyenilea mama alipolazwa. Ndiye aliyenifunga kamba za viatu. Nikamuuliza usoni kama anaamini niliuza. Akaanza kukusanya vyombo, anavigonganisha, akasema chumvi imezidi kidogo leo.

Nilikuwa namchukia Shemeji kwa sababu ya cheo. Sasa namchukia kwa sababu ya dada yangu.

Julai 6, Jumatatu

Sikuyaosha. Chozi limefika urefu wa kidole.

Julai 9

Nimemsikia Shemeji akimfundisha mteja. "Grisi kwenye nyuzi tu, mzee, shingoni usipake. Na ukishatembea kilomita hamsini, kaza tena. Na ukitoka kwenye chumvi suuza siku hiyo hiyo, usingoje kesho." Maneno yangu, neno kwa neno, hata mkono anauzungusha kama mimi. Mteja kamshukuru, kamwita bingwa. Nilikuwa hatua tatu, nimeinama na brashi. Nilijikaza kisabuni nisimwelekezee mpira wa maji.

Na yeye anayejua yote hayo hajawahi hata siku moja kutoa kofia za trela lake mwenyewe kutazama. Anategemea mimi ninaosha.

Julai 13, Jumatatu

Sikuyaosha. Upepo wa chumvi wiki nzima, vioo vya ofisi vyeupe. Zile bolti tano za kushoto, ndani ya kofia, nimeshazigawia majina. Ya kwanza inaitwa Inaniuma Kusema. Ya pili Cheo. Ya tatu Mguu wa Bawabu. Ya nne Bingwa. Ya tano ni Chumvi Imezidi Kidogo Leo.

Julai 20, Jumatatu

Sikuyaosha.

Julai 21

Nimeosha tisa. Mtu kaniachia trela na kaa mzima amenasa kwenye springi. Kaa kaniuma. Mwezi wenyewe huu!

Julai 27, Jumatatu

Sikuyaosha. Chozi sasa ni la urefu wa kiganja, na limeshika tairi. Shemeji kalipita mara mbili leo. Hakuliona. Anaona boti tu.

Niseme ukweli, maana huku nyuma hakuna anayesoma: nimekuwa mtu mwenye furaha. Nalala vizuri. Nakula. Kila Jumatatu naamka mapema kuliko siku nyingine.

Agosti 3, Jumatatu

Sikuyaosha.

Jambo moja linanitatiza. Shemeji kila asubuhi anampelekea Bawabu chai getini. Anamwekea kiti, anamwekea na kijiti cha kukunia chini ya plasta. Nilidhani ni unafiki wa wiki moja, mpaka Bosi amwone. Lakini Bosi alisafiri siku kumi, na chai haikukatika. Leo nimemwona kachuchumaa anamfunga Bawabu kamba ya kiatu cha mguu mzima. Mtu mbaya hivi anatoa wapi huruma hii? Ningependa awe mbaya mfululizo, ingenirahisishia kazi.

Agosti 10, Jumatatu

Sikuyaosha.

Agosti 14

Dada kapita yadini mchana, kachangamka, gauni jipya kwenye mfuko. Jumapili hawaendi baharini. Wanaivuta boti mpaka kwa mama mkwe wake, msimu unakaribia kuisha na kule kuna banda la kuihifadhi. Saa nne za barabara, kupanda mlima na kushuka upande wa pili.

"Nitakaa mbele na mume wangu, tunapiga stori njia nzima. Miaka hatujasafiri sisi wawili. Utatuombea, eh?"

Nikasema, "Eh."

Akanibusu shavu, akaondoka. Nikaosha trela lile lile mara mbili bila kujua.

Agosti 15, Jumamosi

Naandika kwa kirefu maana mambo ni mengi, na mkono wenyewe una malengelenge.

Asubuhi nilijiambia hayanihusu. Mtu mzima ana macho, atoe kofia atazame. Nikajiambia na gurudumu likitoka, litatoka polepole, watasimama pembeni, ataaibika. Kisha nikakumbuka jinsi la Daktari lilivyotoka. Halikutoka polepole. Na pale mlimani hakuna pembeni.

Saa tano Shemeji alikwenda kunyoa. Nikachukua jeki, nikachukua bisibisi, nikaibandua kofia ya kushoto. Ilinilazimu kuipiga. Ndani palikuwa tope jekundu na chumvi iliyoganda, na vichwa vitano vya bolti vimevimba kutu hata pembe havina. Spana nikaiweka, ikateleza. Nikaiweka tena, ikateleza, nikajichuna vidole. Spana haishiki kwenye uchafu, kila fundi anajua, kwa hiyo nikachukua brashi ya waya nikaanza kusugua kile kichwa cha juu, kile nilichokiita Inaniuma Kusema.

Nukta. Nikasugua. Nukta ya pili. Ya tatu.

Nilidhani macho. Nikamwagia maji, nikasugua cha pili. Nukta tatu. Cha tatu, cha nne, cha tano. Nikakaa chini kwenye maji, hapo hapo, na brashi mkononi. Nikaibandua kofia ya kulia, nikasugua: bolti za kawaida, kuukuu, hazina alama yoyote.

Bolti zangu tano. Zilizosemwa nimeziuza. Zilikuwa hapa tangu siku ile, chini ya kofia ninayoipangusa kwa juu. Kama ningeliosha trela hili vizuri Juni nane, ningeziona Juni nane. Nimezifunika mimi mwenyewe, Jumatatu kumi, kwa mikono yangu, huku nacheka. Loo!

Nilisimama kumwita Bosi, nikasita. Maana Bosi si mjinga. Swali lake la kwanza nilikuwa nimeshalisikia kabla hajafungua mdomo.

Nikamwita hivyo hivyo.

Bosi alikuja na miwani yake, akainama, akahesabu nukta kwa kidole. Wakati huo huo Shemeji akaingia getini, kichwa kinang'aa kwa kunyolewa, Dada yuko naye na vikapu vya safari. Bawabu naye akajikokota na mkongojo wake kuja kuona kuna nini.

"Hizi ni zake," Bosi alimwambia Shemeji. "Zimefikaje kwako?"

Nilitegemea atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kumkalia kooni. Lakini aliziangalia zile bolti, akamwangalia Bawabu. Akajishika kwenye fremu.

"Zangu za kushoto zilikuwa zimeoza, na nilikuwa na abiria Jumapili. Nikaziazima za Daktari, zangu nikazifunga pale kwenye lake. Nilijua Daktari haji mpaka wiki ijayo. Jumatatu ningenunua mpya. Akaja Jumamosi."

"Kitambaa?" aliuliza Bawabu. Sauti ndogo kabisa. "Kitambaa chekundu kilikuwa wapi?"

"Bosi angekiona."

Bawabu alitazama plasta yake, halafu akatazama kile kijiti cha kukunia alichokuwa nacho mkononi. Akakiweka chini, juu ya fremu, taratibu.

"Na mimi," nikasema, "ukaona unipake matope mimi."

"Niliogopa, shemeji. Nikishasema mara ya kwanza, ningerudije nyuma?"

"Usiniite shemeji!"

Ningeendelea, nilikuwa na ya miezi mitatu kifuani. Lakini Bosi alinyoosha mkono nikanyamaza. "Bolti hizi ni mpya za mwezi wa tano," akasema, akinitazama juu ya miwani. "Matrela yote ya yadi hii yanang'aa. Hili limeozaje? Na wewe unaliosha kila Jumatatu. Leta daftari."

Nilileta. Akapekua kurasa za mbele. Vema, vema, vema, kumi. Nilikuwa na uongo tayari ulimini: kwamba zilifika kwangu zikiwa zimeanza kutu, kwamba kofia hazikufunguka. Shemeji alikuwa ananitazama, na nikajiona, kofia mkononi, nasema inaniuma kusema.

Nikalichukua daftari mkononi mwake, nikaligeuza, nikamrudishia. "Soma huku."

Alisoma amesimama juani. Ilichukua muda mrefu. Kuna mahali alivuta pumzi. Akamaliza, akampa Dada.

Dada akasoma mpaka Agosti 14. Akanyanyua uso.

"Nilikuonyesha gauni," akasema.

"Dada, nimezifungua leo. Nimekuja kuzitoa kabla hamjaondoka."

"Jana ulinijibu eh."

Akamgeukia mumewe, akanigeukia mimi, akasema, "Huyu kavunja mguu wa mtu akanyamaza. Huyu alikuwa anangoja shingo yangu, kanyamaza. Nimeishi na watu gani mimi?" Akachukua vikapu vyake akatoka kwa miguu. Shemeji alimfuata mpaka getini, akafukuzwa kwa mkono mmoja tu. Mimi sikuthubutu hata kumfuata.

Bosi alihukumu pale pale. Shemeji kavuliwa ukuu. Akitaka kubaki, atashika mpira wa maji msimu ujao mzima, na kama hataki, geti anaijua. Mimi spana narudishiwa, na cheo, lakini msimu ukishafungwa. "Mpaka hapo unaosha," akaniambia. "Na unaanza na hili."

Nilizitoa mwenyewe. Mafuta ya kulainisha, kungoja, kukaza kidogo kwanza ndipo kulegeza, moto, mafuta tena. Nne zilitoka zikilia. Ya tano ilikatikia ndani kwa nguvu za mkono mmoja tu, kichwa kikabaki kwenye spana. Hiyo isingefika hata mguu wa mlima.

Agosti 17, Jumatatu

Trela la Shemeji. Nimetoa kofia zote mbili. Nimeosha.

Agosti 20

Nimekwenda kwa Dada. Kaniambia kupitia dirisha kwamba anapumzika. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Agosti 24

Nimempelekea Bawabu chai. Akaipokea, akainywa yote, akanirudishia kikombe. "Sukari kidogo," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza ya kirafiki kwangu tangu Mei.

Agosti 26

Dada kajibu simu. Kasema atazungumza na mimi siku akitaka yeye, nisimharakishe. Nilitaka kumwambia mumewe ndiye aliyeanza. Nikaona aibu, nikasema sawa dada.

Najuta nusu. Ile nusu ya Dada naijutia kweli. Nusu ya Shemeji nimejaribu kuijutia, haikubali.

Agosti 31

Msimu umefungwa. Boti zote ziko juu, bahari imechafuka.

Bosi kanikabidhi spana zangu mbele ya watu, na ufunguo wa karakana. Shemeji amebaki, kwa kuwa hana pa kwenda. Dada yuko kwa mama mkwe, na mama mkwe, nasikia, ameshika upande wa Dada. Nilimkabidhi Shemeji mpira wa maji mkononi.

Kapewa matrela kumi na mawili ya kuhifadhiwa. Alipomaliza la kwanza akaniita nikague, ndiyo kazi yangu sasa. Nikatoa kofia, nikapitisha kidole katikati ya bolti, nikakitazama kidole juani. Bawabu alikuwa kwenye kiti chake pale getini, mguu bila plasta, anatutazama.

"Nukta Tatu!" akaita, yadi nzima ikasikia. "Vipi, limepita?"

Miezi mitatu na nusu sijaitwa jina hilo. Nikapangusa kidole kwenye ovaroli, nikamwambia Shemeji, "Rudia."

Akarudia. Nikakagua. "Rudia." Akaniangalia, jasho linamtiririka kwenye kile kichwa chake, akachuchumaa akaanza upya, bolti moja baada ya moja. Bawabu akacheka mpaka akashika ubavu. Nilimrudishia mara tatu.

Bolti zilikuwa safi tangu mara ya kwanza.